Kusoma na Kukokotoa Namba za Desimali katika Shule ya Msingi: Mfano wa Mtaa wa Himbi, Goma

Mwaka wa shule unapokwisha, mjini Goma kama kwingineko nchini Kongo, wanafunzi na wazazi wao hukusanyika uani ili kusikiliza matokeo. Majina husomwa kwa sauti, na kila jina hufuatwa na asilimia aliyoipata mwenye jina. Na wachukuliwe watoto wawili wa shule moja ya Himbi: mmoja amepata 74,15 na wa pili amepata 74,9. Kwa Kifaransa, alama ya kwanza itasomwa "virgule quinze" na ya pili "virgule neuf". Kwa Kiswahili cha mji, watoto wenyewe watarudia: "makumi saba na ine virgule kumi na tano", "makumi saba na ine virgule tisa". Aliyetajiwa kumi na tano huamini kwamba amemshinda aliyetajiwa tisa, na baadhi ya wazazi huamini vivyo hivyo. Ukweli ni kinyume. 74,9 inaizidi 74,15 kwa 0,75, yaani kwa robo tatu ya alama nzima.

Kosa hili si la Himbi peke yake. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Israeli, Ufaransa, Marekani na Australia wamelieleza kwa kina: mwanafunzi huzichukua tarakimu zilizo kulia kwa koma kana kwamba ni namba nzima inayojitegemea, kisha huhitimu kwamba namba ndefu ndiyo kubwa. Wapo pia wanaokosea kwa njia nyingine, wakidhani kwamba namba fupi daima ni kubwa kwa kuwa sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia. Makala haya hayakusudii kurudia maelezo hayo. Yanakusudia kuonyesha kwamba katika mji kama Goma sehemu kubwa ya tatizo hutokana na jinsi namba inavyosomwa kabla haijakokotolewa, na kwamba Kiswahili kina njia yake ya kuisoma namba hiyo ambayo walimu wengi hawajaitumia.

Koma, nukta na mpaka

Shule za Kongo zilirithi kutoka Ubelgiji desturi ya kutenga sehemu nzima na sehemu ya desimali kwa koma. Tanzania, Kenya na Uganda, zilizopitia mikononi mwa Waingereza, hutumia nukta. Mwanafunzi wa Dodoma husoma 0.25 kuwa "sifuri nukta mbili tano", akitaja tarakimu moja moja. Rwanda ilifuata zamani desturi moja na Kongo, lakini mwaka 2008 iliamua kuhamishia ufundishaji wake kwenye Kiingereza, na pamoja na Kiingereza ikaingia nukta. Kutoka Himbi hadi Gisenyi ni kilomita chache tu. Mtoto wa Himbi mwenye binamu anayesoma ng'ambo ya mpaka huona 2,5 katika daftari lake na 2.5 katika daftari la binamu yake, na hakuna aliyemwambia kwamba ni namba ileile.

Mambo huzidi kuchanganyika kwa sababu nukta ina kazi nyingine katika maandishi ya kale ya biashara nchini Kongo: hutenga maelfu. Karatasi ya dukani ikiandikwa "1.500", muuzaji huona faranga elfu moja na mia tano. Mashine ya kukokotolea, ambayo haijui desturi za Goma, huona moja na nusu. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, chombo cha kimataifa kinachosimamia mfumo wa mita, uliamua kwamba alama ya desimali yaweza kuwa koma au nukta kwa kufuata desturi ya kila lugha, lakini maelfu yasitengwe kwa alama yoyote kati ya hizo mbili. Yatengwe kwa nafasi tupu: 1 500. Ni uamuzi wenye busara, na ungefaa kuandikwa ukutani katika kila darasa la mpakani, maana unaondoa nusu ya utata bila kumlazimisha yeyote kuacha koma yake.

Simu nayo imeleta nukta hadi nyumbani. Mji ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki zikafunga milango, watu wengi walizidi kutegemea pesa za simu, na salio la dola huonekana kwenye kioo likiwa na tarakimu mbili nyuma ya nukta. Mama anayepokea ujumbe wa 4.75 anahitaji kujua kwamba amepokea karibu dola tano, wala si mia nne sabini na tano.

Jambo zito zaidi ni dawa. Chupa nyingi za dawa ya maji ya watoto hutoka nchi zinazotumia nukta, kwa hiyo kibandiko husema "2.5 ml" huku muuguzi akiandika "2,5 ml" kwenye karatasi. Alama hiyo ni ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Ikifutika, au msomaji asipojua kazi yake, mtoto hupewa mililita 25, yaani dozi mara kumi. Dawa ya kawaida kabisa ya homa, parasetamoli, huharibu ini inapopita kiasi. Kwa sababu hii wataalamu wa usalama wa dawa husisitiza kwamba iandikwe 0,5 wala isiandikwe ",5", na kwamba 5 isiandikwe "5,0". Mwalimu wa hesabu huwafundisha watoto kwamba 5 na 5,0 ni sawa, naye yuko sahihi. Lakini yafaa awaambie pia kwamba karatasi ya daktari ina adabu zake.

Pesa isiyo na vipande

Vitabu vingi vya hesabu, vya Ulaya na vya Afrika Mashariki, huanza somo la desimali kwa pesa. Njia hii iliwahi kufaa nchini Kongo. Zaire ilipoanzishwa kuwa sarafu ya taifa mnamo Juni 1967, moja ilikuwa na makuta 100, na kila likuta lilikuwa na sengi 100. Mtoto wa wakati ule aliyetumwa dukani alibeba mfukoni somo zima: kitu kizima, sehemu zake za mia, na sehemu za mia za sehemu za mia. Kupanda kwa bei kulimeza sengi kwanza, kisha makuta, kisha zaire yenyewe. Mnamo Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 faranga ya Kongo moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100 000. Atakayezidisha ataona kwamba faranga moja ilisimama mahali pa zaire bilioni 300 za mwaka 1967. Faranga hiyo nayo ilitolewa pamoja na noti za senti, lakini senti hizo zilitoweka mikononi mwa watu, na leo hata faranga moja hainunui kitu.

Kwa hiyo mtoto wa Himbi hajawahi kushika kipande cha faranga. Dola anaifahamu, lakini sarafu za senti za Marekani hazizunguki Goma: kitu cha dola mbili na nusu hulipwa kwa noti ya dola na kinachobaki kwa faranga. Matokeo yake ni kwamba, machoni pa mtoto, koma katika "2,50" hutenganisha fedha mbili za aina mbili. Upande wa kushoto ni dola, upande wa kulia ni kitu kingine. Hata pale ambapo senti zipo, pesa si mwalimu mwaminifu, kwa maana hufundisha kusoma jozi ya namba nzima: shilingi tatu na senti hamsini. Aliyezoea jozi hiyo, akiona 3,5 husema shilingi tatu na senti tano. Saa ni mbaya zaidi: 1,5 ni saa moja na dakika 30, wala si dakika 50.

Mwalimu wa Goma angefanya vyema kuacha pesa na kuanza na vipimo vinavyoonekana. Utepe wa fundi cherehani una sentimita 150, yaani mita 1,5. Maji huuzwa katika chupa za lita 1,5 na za nusu lita, na kila nyumba ina bidoni la lita 20. Sokoni, sambaza hupimwa kwa kilo na vipande vyake. Vitu hivi havijamezwa na kupanda kwa bei.

Mafungu ya kumi mawili

Inafaa sasa kuitazama lugha yenyewe. Namba 3,25 ina vizima vitatu, sehemu mbili za kumi na sehemu tano za mia. Anayesoma "tatu virgule makumi mbili na tano" amezificha sehemu hizo chini ya jina la namba nzima, na anayesoma "tatu nukta mbili tano" hakuzificha, lakini hakuzitaja pia. Usomaji wa pili ni bora kuliko wa kwanza, kwa kuwa haumdanganyi mtoto. Haumfundishi, hata hivyo, chochote.

Usomaji wa thamani, unaotaja kila tarakimu pamoja na nafasi yake, ndio unaofundisha. Tatizo ni kwamba Kiswahili cha Goma kina mtego hapo. Ishirini huitwa aghalabu "makumi mbili", thelathini "makumi tatu". Mwalimu akitaka kusema sehemu mbili za kumi kwa ufupi, atasema "mbili ya kumi", na sikio la mtoto litasikia maneno yaleyale mawili, kumi na mbili, yaliyopinduliwa. Umbali kati ya 20 na 0,2 ni mara mia moja. Umbali kati ya "makumi mbili" na "mbili ya kumi" ni silabi moja au mbili. Aidha, "sehemu ya kumi", istilahi iliyozoeleka katika vitabu vya Tanzania, ina maana mbili: yaweza kuwa moja kati ya sehemu kumi zilizo sawa, na yaweza kuwa sehemu inayofuata ile ya tisa, kama vile mlango wa kumi au safu ya kumi.

Lipo neno ambalo halina utata huo, na kila mtoto wa Himbi aendaye kanisani amelisikia: fungu la kumi. Kisarufi limeundwa sawasawa na "sehemu ya kumi", lakini mazoea yamelitia muhuri. Hakuna muumini anayedhani kwamba anatakiwa kuleta fungu linalofuata la tisa. Anajua kwamba mavuno hugawanywa katika mafungu kumi yaliyo sawa na moja likatolewa. Mtoto Mwislamu ana neno lake la asili ya Kiarabu, ushuri, ambalo kwanza lilikuwa na maana hiyohiyo ya moja ya kumi kabla halijawa jina la kodi. Tena zaka ya fedha, asilimia 2,5, huitwa katika vitabu vya fiqhi robo ya ushuri, na robo ya 0,1 ni 0,025. Desimali hiyo yenye nafasi tatu ilihesabiwa kichwani na wafanyabiashara wa pwani karne nyingi kabla ya ubao wa kwanza kutundikwa Goma.

Kutoka fungu la kumi huzaliwa fungu la mia na fungu la elfu. Hapa mwanasarufi atatoa hoja ya haki. Akisema "mafungu mawili ya kumi", je, hajasema marundo mawili yenye vitu kumi kumi, yaani ishirini tena? Wauza nyanya husema hivyo kila siku. Hoja ni kweli, lakini Kiswahili kimeshaijibu kwa mpangilio wa maneno. "Viti viwili vya mbao" na "viti vya mbao viwili" hutofautiana kidogo tu, maana katika kauli ya pili "viti vya mbao" vimechukuliwa kuwa kitu kimoja chenye jina moja, kisha vikahesabiwa. Vivyo hivyo, "mafungu mawili ya kumi" ni marundo mawili ya kumi kumi, lakini "mafungu ya kumi mawili" ni fungu la kumi likihesabiwa mara mbili. Namba 3,25 basi husomwa: vizima vitatu, mafungu ya kumi mawili, mafungu ya mia matano.

Tofauti hiyo inabebwa na upatanisho wa ngeli. Ni kiambishi ma- cha "mawili" kinachomwambia msikilizaji kwamba kinachohesabiwa ni mafungu. Katika mazungumzo ya Goma kiambishi hicho mara nyingi huachwa, na mtoto husema "mafungu ya kumi mbili". Hapo "kumi" na "mbili" hushikana, na ishirini hurudi kwa mlango wa nyuma. Walimu wa Kiswahili wamelaumiwa kwa kuwasumbua watoto na upatanisho wa ngeli kana kwamba ni pambo la watu wa pwani. Hapa upatanisho unatenganisha 0,2 na 20. Somo la sarufi na somo la hesabu, ambayo katika ratiba hukaa mbali, hukutana katika herufi mbili.

Hakuna ugeni wowote katika kuiita desimali kwa jina la zaka. Wataalamu wa Kiislamu walitangulia kuandika sehemu hizi: al-Uqlidisi wa Dameski katikati ya karne ya 10, na al-Kashi wa Samarkand mwaka 1427. Lakini kijitabu kilichozieneza Ulaya kilichapwa mwaka 1585 na Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, mji ambao leo uko Ubelgiji. Kwa Kiholanzi alikiita De Thiende, na kwa Kifaransa La Disme. Majina yote mawili maana yake ni moja ya kumi, na ndiyo majina yaleyale yaliyotumika kwa zaka ya kanisa. Kwa maneno mengine, desimali iliingia Ulaya ikiitwa fungu la kumi. Stevin hakuwa na koma. Juu au pembeni mwa kila tarakimu aliweka duara dogo lenye namba ya nafasi yake: duara la 0 kwa vizima, la 1 kwa mafungu ya kumi, la 2 kwa mafungu ya mia. Kila tarakimu ilitembea na kitambulisho chake. Koma ilipokuja ikafuta maduara hayo kwa ajili ya wepesi wa kuandika, na mtoto wa leo anaanza pale ambapo watu wazima walifika baada ya kuzoea. Pengine ni haki arudishiwe maduara kwa majuma machache.

Hoja ya mtihani

Mara nyingi usomaji wa namna hii hupingwa kwa hoja kwamba Kifaransa ndiyo lugha ya mtihani wa kitaifa wa mwisho wa shule ya msingi, kwa hiyo muda unaotumiwa kwa Kiswahili ni muda uliopotea. Hoja hii ina umri. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi wakizungumzia nafasi ya lugha za taifa shuleni. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Na Sheria ya Elimu ya Februari 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi katika ufundishaji wa shule ya msingi. Sheria haikosekani. Darasani, hata hivyo, mwalimu huandika kwa Kifaransa na kueleza kwa Kiswahili, na maelezo hayo ya Kiswahili hayana istilahi kwa kuwa hakuna aliyeyaandalia.

Usomaji wa thamani haushindani na Kifaransa. "Deux dixièmes et cinq centièmes" ni tafsiri sahihi ya "mafungu ya kumi mawili na mafungu ya mia matano". Mtoto aliyeelewa la pili atalipokea la kwanza kama jina jipya la kitu anachokijua. Kinachomponza ni kupokea "virgule vingt-cinq" akiwa hana kitu chochote chini ya jina hilo. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bila malipo, madarasa yalijaa zaidi, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana nafasi ya kumwendea kila mmoja kumsahihisha. Kinachosemwa kwa sauti mbele ya wote kinapata uzito zaidi.

Kukokotoa

Kujumlisha ndiko kunakofaidi haraka. Katika 12,5 + 3,25, mwanafunzi aliyezoea kusoma jozi hujumlisha 12 na 3, kisha 5 na 25, akaandika 15,30. Mwalimu humwambia apange koma chini ya koma, naye hutii bila kujua sababu, na kesho husahau. Akisoma thamani, hawezi kujumlisha mafungu ya kumi matano na mafungu ya mia makumi mawili na matano, kama vile asivyoweza kujumlisha mbuzi watano na ndoo ishirini na tano. Mafungu ya kumi matano na mafungu ya kumi mawili ni saba. Mafungu ya mia ni matano. Jibu ni 15,75. Daftari la miraba lafaa sana hapa, kila tarakimu katika mraba wake na jina la nafasi juu ya safu. Jedwali la vipimo, lile la kilomita hadi milimita ambalo shule za Kongo hulishikilia kwa heshima kubwa, ni jedwali hilohilo lenye majina mengine, na ni ajabu kwamba masomo hayo mawili hufundishwa mbalimbali.

Kuzidisha kwa kumi kuna kanuni maarufu: "ongeza sifuri". Kanuni hiyo hufaa kwa namba nzima na huharibu desimali, kwa maana 2,5 ikiongezwa sifuri huwa 2,50, na haijasogea hata unywele. Mafungu ya kumi matano, kila moja likichukuliwa mara kumi, huwa vizima vitano. Vizima viwili huwa makumi mawili. Jibu ni 25. Afadhali kusema kwamba tarakimu zimehamia nafasi ya kushoto kuliko kusema kwamba koma imekimbia kulia.

Neno "kuzidisha" lenyewe linahitaji tahadhari. Ndani yake mna "zidi", na mtoto hutazamia jibu lililozidi. Akipata kwamba 0,5 × 8 ni 4, hufuta jibu lake sahihi. Dawa ni kiunganishi kidogo: 0,5 ya 8, nusu ya 8. Vilevile kilo 0,75 ya sambaza, kilo ikiwa faranga 12 000, ni robo tatu ya 12 000, yaani 9 000. Hakuna mchuuzi atakayeshangaa kwamba imepungua. Ama kanuni ya kuhesabu tarakimu zilizo nyuma ya koma, kwamba 2,4 × 0,3 ni 0,72 yenye tarakimu mbili, sababu yake imo katika Biblia. Walawi waliopokea mafungu ya kumi ya watu walitakiwa nao kutoa fungu la kumi la fungu la kumi, na habari hiyo imo katika sura ya 18 ya kitabu kinachoitwa, kwa bahati njema, Hesabu. Fungu la kumi la fungu la kumi ni fungu la mia.

Kugawanya kwa desimali ndiko kunakowatisha walimu wenyewe. Kugawa ni kuwapa watu, na hakuna nusu ya mtu wa kupewa. Lakini kugawanya kuna maana ya pili, ya kuuliza kitu kimo mara ngapi ndani ya kingine. Bidoni la lita 20 lina chupa ngapi za lita 0,5? Watoto wawili, bidoni moja na chupa moja hutosha: chupa 40. Hivyo 20 : 0,5 = 40, na jibu limekuwa kubwa kuliko 20 bila kumshtua mtu. Kwa chupa za lita 1,5 jambo huwa tamu zaidi. Chupa 13 hujaa, zikachukua lita 19,5, na lita 0,5 hubaki. Wengi wataandika 13,5, na hapo mwalimu asikimbilie kufuta. Kilichobaki ni nusu ya lita, lakini ni theluthi ya chupa. 20 : 1,5 ni 13,33 na tarakimu 3 huendelea bila kikomo. Darasa linalogombana juu ya kile kilichobaki katika bidoni linajifunza zaidi ya darasa linalonakili kanuni ya kuhamisha koma.

Sifuri ya katikati haipaswi kusahauliwa. 2,05 isomwe: vizima viwili, fungu la kumi hakuna, mafungu ya mia matano. Neno "hakuna" litajwe waziwazi, kwa sababu mtoto anayelimeza atasoma 2,5, na kwenye kikombe cha dawa hizo ni dozi mbili tofauti.

Maji ya Ziwa Kivu yanatoa zoezi la mwisho kwa darasa la sita. Mnamo Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja waliingia Goma na pembezoni mwake kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Tangu hapo kutia klorini katika maji yanayochotwa ziwani ni kazi inayojulikana mjini, na watoto wengi wa Himbi wamewaona watu wakitia dawa hiyo katika mabidoni kwa bomba la sindano. Baada ya dawa kufanya kazi, klorini inayobaki katika maji ya kunywa hutakiwa kwa kawaida kuwa kati ya miligramu 0,2 na 0,5 kwa lita. Kwa 0,5, bidoni la lita 20 lina miligramu 10. Waulizwe kwanza ni vipimo vingapi vilivyo kati ya 0,2 na 0,5. Karibu wote watajibu viwili, 0,3 na 0,4. Kisha wapewe kipimo cha 0,25 na waulizwe kama kinafaa. Aliyesoma "virgule makumi mbili na tano" atasema kwamba kimepita kiasi, maana ishirini na tano ni zaidi ya tano. Aliyesoma mafungu ya kumi mawili na mafungu ya mia matano ataona kwamba kimepita 0,2 kidogo na hakijafika 0,3. Atayakubali maji hayo, kisha atauliza, bila kuchokozwa na mwalimu, ni vipimo vingapi vingine vilivyojificha kati ya 0,25 na 0,26.